Somo la Mwezi: Mazoea Madogo Yanayoharibu Mwili

Wapendwa, tukisikia habari za kuharibu mwili, wengi wetu hufikiri juu ya pombe na sigara. Nasi tusiokunywa wala kuvuta twajiona tu salama. Lakini yako mazoea mengine, ya mezani, ya jikoni na ya kitandani, tunayoyafanya bila aibu, nayo yatudhuru. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili wa mwamini ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi nyumba haiangushwi na moto peke yake. Hata mchwa huiangusha.

1. Chumvi. Twanyunyiza chumvi kabla hatujaonja chakula. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo katika ng'onda, mkate na vidonge vya kukolezea mchuzi. Chumvi nyingi hupandisha presha, nayo presha hudhuru moyo, figo na ubongo. Tuonje kwanza. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vyaweza kukoleza chakula vizuri.

2. Sukari. Anayekunywa vikombe 5 vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko 3, amekula vijiko 15, karibu gramu 60. Kwa mtu mzima wa kawaida yashauriwa isizidi gramu 50 hivi, na hapo hatujahesabu soda. Tupunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea, kama ulivyozoea utamu.

3. Jiko la mkaa chumbani. Wakati wa baridi twaingiza jiko ndani, twafunga mlango na madirisha, twalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke kuikimbia. Zoea hili halingoji miaka. Huweza kuua jamaa nzima kwa usiku mmoja. Jiko lisilale na watu.

4. Kuacha dawa. Hapa yatupasa kuungama. Mmoja wetu tunaoandaa ukurasa huu alipewa vidonge vya presha. Baada ya miezi michache alijisikia mzima, akaviacha, wala hakumwambia mkewe. Watu walikuwa wamemwombea, naye alidhani kuendelea na vidonge ni upungufu wa imani. Jumapili moja asubuhi, akijiandaa kwenda ibadani, kikombe kilimponyoka mkononi na maneno yakamkwama kinywani. Kilikuwa kiharusi. Leo anatembea kwa mkongojo, na sehemu hii ya somo ameisema yeye, sisi tukaiandika, kwa kuwa mkono wake wa kuume haushiki tena kalamu.

Ametuomba tuwaambie hivi: presha mara nyingi haina maumivu. Kule kujisikia vizuri kulikuwa kazi ya vile vidonge, naye alidhani ni kupona. Tena asema kwamba kumshukuru Mungu kwa maombi na kumeza dawa hakugombani. Basi tuombeane, na dawa tuendelee nazo mpaka daktari mwenyewe aseme vingine.

Nasi twaongeza: kila mtu mzima apimwe presha, hata kama haumwi. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, hiyo ni presha ya juu, yahitaji matibabu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

(a) Katika mazoea haya manne, ni lipi lililomo nyumbani mwetu?

(b) Nani katika jamaa yetu amepewa dawa, na je, anaendelea kuzitumia? Tumwulize kwa upole, si kwa kumshtaki.

(c) Wiki hii tutaanza kuacha jambo gani moja?

Tusijaribu yote kwa siku moja, tukachoka. Tuanze na moja, nyumba nzima kwa pamoja, ili anayesahau akumbushwe na mwenziwe. Mungu atupe nguvu ya kuanza, na uvumilivu wa kuendelea.