Somo Nililojifunza Angani



Mwalimu wenu wa sayansi ameniomba niwaandikie habari za ndege za jeti nilizojifunzia ng'ambo, nilipokuwa rubani kijana katika jeshi la anga. Najua wengi wenu mngependa kusikia habari za mwendo na ngurumo, nami nitazitaja kidogo. Lakini shabaha yangu hasa ni kuwaeleza jambo moja la hesabu na elimu ya hewa. Rubani asiyelijua jambo hili huenda asirudi kwao.

Mwaka 1978 Kenya ilipokea ndege za kivita za F-5 kutoka Marekani. Mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa kujifunza katika kiwanja cha jeshi cha Williams, karibu na mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona. Kiwanja hicho kilianza kazi mwaka 1941, na jeshi likakifunga mwaka 1993. Siku hizi hutua ndege za abiria. Tulikuwa vijana wa mataifa mbalimbali. Kila mmoja alikuwa na matamshi yake ya Kiingereza, lakini hesabu tulizofanya kila asubuhi zilikuwa zile zile.

Ndege ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa T-37, iliyotengenezwa na Cessna na kuruka mara ya kwanza mwaka 1954. Ni ndege ndogo yenye injini mbili, na mwalimu hukaa ubavuni pa mwanafunzi, kama dereva na utingo wake. Injini zake zililia kwa sauti kali iliyochoma masikio. Ndani yake tulifundishwa kuiacha ndege izunguke kama pia huku ikianguka, kisha kuitoa katika mzunguko huo kwa hatua tulizokwisha kuzikariri tukiwa chini. Mtu aliyesubiri mpaka afike angani ndipo afikiri, alikwisha chelewa.

Baada ya hiyo tulipanda T-38 ya Northrop. Hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1959, nayo ni ndugu ya F-5. Mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma yake. Ni ndege nyembamba. Mabawa yake ni mafupi, kiasi cha futi 25 kutoka ncha moja hata nyingine, nayo huweza kupita kasi ya sauti. Kwa sababu ya mabawa hayo madogo, hutua kwa mwendo mkubwa sana. Kanuni yake ni hii: ikiwa imebaki na ratili 1,000 za mafuta, saa ya mwendo yapasa kuonyesha maili za bahari 155 kwa saa inapokaribia kutua. Kwa kila ratili 100 za mafuta zinazozidi hapo, ongeza maili moja. Basi yenye ratili 1,500 itakaribia kutua kwa maili 160.

Sasa tufike kwenye somo lenyewe. Saa ya mwendo ya ndege haifanyi kazi kama ile ya motokaa. Motokaa huhesabu mizunguko ya magurudumu, lakini ndege haina gurudumu linalogusa kitu angani. Katika pua ya T-38 kuna mrija mwembamba uliochomoza mbele. Hewa huingia kwa nguvu katika mrija huo, na saa hupima msukumo wake. Kwa hiyo saa haimwambii rubani mwendo wake juu ya ardhi, bali nguvu ya hewa inayompiga.

Mahali pa juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Ili kupata msukumo ule ule, ndege lazima iende mbio zaidi. Marubani hukisia hivi: kwa kila futi 1,000 za kimo, ongeza sehemu 2 katika 100. Chukueni kiwanja cha Nanyuki, kilicho zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Mara 6 kwa 2 ni 12. Saa yaonyesha 160, lakini mwendo wa kweli ni kiasi cha 179. Tena umbali wa kusimama hufuata mraba wa mwendo: 1.12 mara 1.12 ni kama 1.25. Yaani ndege ambayo Mombasa ingehitaji futi 4,000 ili isimame, Nanyuki itahitaji futi 5,000, ingawa breki ni zile zile.

Joto nalo hufanya kama mlima. Kiwanja cha Williams kiko futi 1,380 hivi tu, lakini siku ya joto la digrii 42 hewa yake huwa kama ya mahali pa futi 5,000 hivi. Injini nazo hupata hewa haba na nguvu zao hupungua, hata ndege huchelewa kuondoka ardhini.

Hatari yenyewe ni hii. Rubani aliyezoea pwani akija kutua mahali pa juu huona ardhi ikimpita mbio kuliko desturi. Macho yake humwambia, "Unakwenda kasi mno, punguza." Akiyatii na kupunguza nguvu za injini, msukumo wa hewa utapungua, mabawa yataacha kuibeba ndege, nayo itazama kabla ya kufika kiwanjani. Hapo karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujirekebisha. Mwalimu wangu alikuwa akituambia kila siku: "Ardhi itakudanganya. Tazama saa yako, na urefu wa njia uujue kabla hujapanda."

Basi rubani ana mambo mawili ya kukumbuka. Mabawa hutaka msukumo wa hewa, kwa hiyo yeye hufuata saa. Magurudumu na breki hukutana na mwendo wa kweli, kwa hiyo njia ya kutulia lazima iwe ndefu ya kutosha. Na jambo hili la pili hulipima chini, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuwasha injini.

Naliona jambo hili kuwa faida kubwa kuliko zote nilizopata ng'ambo. Wapo wanafunzi wanaouliza, "Miraba na sehemu za mia zitanifaa nini?" Mimi nimeziona zikiamua kama ndege itasimama njiani au itaingia vichakani.

Zoezi. T-38 ina ratili 1,900 za mafuta, nayo inakwenda kutua katika kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya bahari.

1. Saa ya mwendo yapasa kuonyesha maili ngapi?
2. Mwendo wake wa kweli ni kiasi gani?
3. Umbali wa kusimama utazidi ule wa pwani kwa sehemu ngapi katika 100?

Fanyeni kwanza, kisha ndipo mtazame majibu: 164, kiasi cha 180, na 21.