Skrini Mpya Ndani ya Subaru: Mafunzo Niliyopata

Impreza WRX ninayoendesha Dar es Salaam ilitoka Japani ikiwa imetumika, kama yalivyo magari mengi ya barabara zetu. Katikati ya dashibodi ilikuja na kifaa chake: ramani, redio, DVD na televisheni, vyote kwa Kijapani. Nilichokitaka ni skrini ya kugusa itakayonionyesha njia ya hapa, itakayoshika redio za hapa, na itakayopokea simu bila mkono wangu kutoka kwenye usukani. Kazi ya kuifunga tuliifanya pamoja na fundi umeme wa magari, yeye akishika bisibisi, mimi nikimmulikia na kumuuliza maswali.

Nayaandika haya kwa sababu naona magari mazuri ya mbio yakiharibiwa kwa kufungwa skrini kiholela. Msimamo wangu ni mmoja: gari la namna hii liliundwa kwa ajili ya dereva anayelisikiliza na kuitazama barabara. Chochote kinachoongezwa ndani yake kimsaidie kufanya mambo hayo mawili, la sivyo kibaki dukani.

1. Kifaa cha Japani ni kizima, ila hakikuundwa kwa ajili yetu

Wengi hudhani redio ya gari la Japani imekufa kwa sababu inashika stesheni chache. Haijafa. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio za magari yake ya zamani ziliishia 90. FM yetu huanzia 87.5 na kufika 108. Masafa hayo yanakutana kwenye kipande kidogo tu, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya 90 hazisikiki kabisa.

Kuna kijisanduku cha bei nafuu kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 12, stesheni ya 98.0 utaipata kwenye 86.0. Kinasaidia, lakini stesheni zenye nguvu zilizo karibu huweza kuingilia zile zilizoshushwa, na namba unayoisoma siyo namba ya stesheni. Televisheni nayo haina dawa: Japani hutumia mfumo wa ISDB-T, nasi tuko upande wa DVB tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Na ramani iliyomo ni ya Japani peke yake. Ukijumlisha yote, kubadilisha kifaa kizima kuna maana kuliko kukitibu kidogo kidogo.

2. Pima tundu kwanza, bei baadaye

Matundu ya redio hufuata kipimo cha DIN, kilichotoka kwenye taasisi ya viwango ya Ujerumani. DIN moja ni upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. DIN mbili ni 180 kwa 100. Magari mengi ya Toyota yana tundu pana zaidi, 200 kwa 100, na skrini yake haiingii kwenye Subaru bila kukata plastiki. Pima pia kina. Nyuma ya skrini kuna soketi, nyaya na antena, na vyote vinahitaji mahali pa kulala bila kubanwa.

Sokoni utavutiwa na skrini za inchi 10 zinazoning'inia mbele ya dashibodi. Kwenye gari langu matundu ya hewa yako juu ya redio na vishikizo vya duara vya kiyoyozi viko chini yake, kwa hiyo skrini kubwa ingeziba kimojawapo. Nilichagua inchi 7, ikakaa ndani ya tundu sawasawa na dashibodi. Kwenye gari lenye springi ngumu hilo ni jambo zito: kinachoning'inia kitatikisika kwenye kila tuta, na kinachotikisika siku moja kitalegea.

3. Waya wa gari usikatwe

Kabla ya kugusa chochote, toa kichwa cha hasi cha betri na usubiri dakika kadhaa. Ndani ya dashibodi hupita pia nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo kwa kawaida huvikwa njano au kufungwa soketi za njano. Hizo haziguswi wala hazipimwi kwa mita.

Fundi anayeharakisha hupendelea kukata soketi ya gari na kusokota nyaya pamoja. Mzuie. Zipo soketi za kati zinazouzwa kwa kila aina ya gari: upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, mwingine kwenye skrini, na hakuna waya wa asili unaoguswa. Siku ukitaka kurudisha redio ya zamani au kuliuza gari, unachomoa tu.

Rangi za nyaya zinazotoka kwenye redio nyingi za dukani ni hizi. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu. Nyekundu huamka ufunguo ukiwashwa. Nyeusi ni hasi. Rangi ya chungwa inatoka kwenye taa za dashibodi, ili skrini ipunguze mwanga usiku. Kwa spika, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto na zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi ya spika hiyo. Nyaya za gari lenyewe zina rangi za kampuni iliyolitengeneza, kwa hiyo hapo hakuna kukisia, ni mita tu.

Njano na nyekundu zisiunganishwe pamoja kwenye umeme wa kudumu eti kurahisisha kazi. Skrini haitalala. Gari lililozimwa linapaswa kuvuta umeme mdogo sana, miliampea 50 hivi au pungufu. Skrini isiyolala ikivuta nusu ampea, kwa siku moja imekula ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 45 haitamaliza siku nne. Gari la mbio ambalo wengi hulitoa mwisho wa wiki tu ndilo la kwanza kuumia.

Mwisho, viungo. Joto la pwani hulainisha gundi ya tepu nyeusi, ikateleza na kuacha shaba wazi. Tulichomea viungo kwa risasi na kuvivika mpira unaosinyaa kwa moto, kisha nyaya zikafungwa pamoja zisigonge plastiki. Fyuzi ikawekwa ya ampea zilizoandikwa kwenye kifaa, bila kuongeza hata moja.

4. Mluzi kwenye spika unaanzia kwenye hasi

Ukiongeza mafuta na spika zikapiga mluzi unaopanda pamoja na injini, alternata inazungumza ndani ya muziki wako. Wengi hukimbilia kununua kichujio. Anza na waya mweusi: ushike chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi, tena mahali pamoja na hasi ya amplifaya kama ipo. Pili, waya mnene wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande mwingine. Mambo hayo mawili yanagharimu muda mfupi wakati dashibodi iko wazi. Ikishafungwa, yanagharimu kuifungua upya.

5. Antena ya GPS inataka kuona mbingu

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake yanatufikia yakiwa dhaifu sana. Kifaa kinahitaji kusikia angalau nne kwa wakati mmoja: tatu za kukisia mahali, na ya nne ya kusahihisha saa ya kifaa, kwa sababu kosa dogo la saa linakuwa kosa kubwa la umbali.

Ndiyo maana kile kidonge cheusi chenye waya mrefu hakifai kutupwa nyuma ya skrini, katikati ya vyuma. Kikae juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, uso wake ukitazama juu. Tinti zenye chembe za chuma huziba mawimbi, kwa hiyo chagua isiyo na chuma. Na ukiwa katikati ya majengo marefu ya Kariakoo, usishangae mshale ukiruka mtaa wa pili: mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia.

6. Njia fupi ya ramani huenda isiwe njia ya gari lako

Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Skrini nyingi hutumia ramani za intaneti, na intaneti hupotea njiani. Pakua ramani ya nchi nzima kabla ya safari. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila mtandao, na data yake inatoka OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam tunao mchango wetu humo: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Vichochoro ambavyo awali vilikuwa uwanja mweupe kwenye ramani sasa vinaonekana. Mwaka 2022 ikaja operesheni ya Anwani za Makazi, na vibao vya majina ya mitaa vikasimama hata pale ambapo havikuwahi kuwapo.

Hata hivyo, mwenyeji wako bado atakuelekeza kwa alama: shuka Buguruni Sheli, kata Tabata Dampo, ulizia Mwananyamala Kwa Kopa. Hifadhi alama zako mwenyewe kwenye ramani kwa majina ambayo watu huyatumia. Zitakufaa kuliko namba ya nyumba.

Kwa gari la chini, weka mpangilio wa kuepuka barabara zisizo na lami. Usipouweka, programu itatafuta njia fupi na kukupeleka kwenye makorongo ambayo Hilux inayapita na Impreza inaacha bampa. Wala ramani haijui kila mara kwamba maji ya Mto Msimbazi yamejaa na Barabara ya Morogoro haipitiki pale Jangwani. Msimu wa masika, sikiliza redio na uulize watu kabla ya kuwasha mshale.

Na barabarani, kibao ndicho sheria. Skrini ikiandika mwendo fulani na kibao cha kijiji kikisema 50, ni 50, maana askari mwenye tochi haangalii skrini yako. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya wanyama, hakuna mshale utakaokuonya kwamba nyati anavuka.

7. Sikia maelekezo, usiyasome

Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Ukiitazama skrini kwa sekunde mbili, umepita mita 44 bila kuona. Kwenye mita hizo bodaboda anaweza kuingia barabarani na mtoto anaweza kuvuka.

Dunia ya mbio ililiona hilo zamani. Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 ndani ya Subaru Impreza, macho yake yalikuwa barabarani. Maelezo ya njia alisomewa na Nicky Grist aliyeketi pembeni. Sauti ya ramani ifanye kazi hiyo kwako. Weka safari yako gari likiwa limesimama, ongeza sauti ya maelekezo iwe juu ya muziki, kisha iache skrini.

Kioo hakimwambii mtu kidole chake kiko wapi, kitufe humwambia. Kwa hiyo nilichagua skrini yenye kishikizo cha kuzungusha sauti, na kiyoyozi kikabaki na vishikizo vyake. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 inazingatia uwepo wa swichi za kushika kwa mkono katika kutoa nyota zake. Waya wa handibreki, unaozuia video kucheza gari likitembea, tuliufunga mahali pake. Fundi yeyote anaweza kuudanganya kwa kuugusisha kwenye bodi. Usimruhusu, na usiombe. Kamera ya nyuma nayo ifuate taa ya rivasi, ili ukiingiza gia picha ije yenyewe.

8. Muziki uiachie injini nafasi

Injini ya boksa ina ngurumo yake, na dereva wa gia za mkono huibadilisha gia kwa kuisikiliza. Badilisha spika za milangoni kwanza, uzizungushie sponji mlango usitetemeke. Mara nyingi hizo zinatosha, na hulibebeshi gari sanduku la besi linaloongeza uzito nyuma. Sauti nzuri ni ile unayoisikia vizuri ikiwa chini, huku turbo ikisikika na honi ya lori nyuma yako ikisikika pia.

9. Jaribu yote kabla ya kufunga dashibodi

Redio, kila spika peke yake, simu, kamera, GPS, mwanga wa usiku, na umeme unaovutwa gari likiwa limezimwa. Vyote vijaribiwe plastiki zikiwa bado mezani. Kisha piga picha za nyaya na uhifadhi kifaa cha zamani pamoja na skrubu zake.

Ukienda kwa fundi, muulize maswali matatu kabla hajashika bisibisi: Utatumia soketi ya kati au utakata waya? Hasi utaifunga wapi? Waya wa handibreki utaupeleka wapi? Anayeyajibu bila kusitasita, mpe ufunguo. Anayekwambia hayo ni mambo madogo, mshukuru na uondoke na gari lako.