SOMO LETU: KANDARASI BILA UKAGUZI NI KARATASI TU



Tukisikia neno kandarasi, wengi wetu tunafikiria pesa: nani amepewa kazi, na kwa bei gani. Lakini kandarasi ya kuondoa taka hatari ina upande mwingine, yaani masharti ya mazingira. Taka ziwekwe wapi? Ziharibiwe kwa njia gani? Na ni nani atakayekagua? Leo tuangalie kisa cha Marekani.

Mwaka 2010 jeshi la nchi hiyo liliipa kampuni moja kazi ya kuondoa baruti kuukuu ya mizinga, aina ya M6, huko Camp Minden katika jimbo la Louisiana. Kampuni ilitakiwa kuitunza vizuri na kuleta hati za kuonyesha walioinunua. Hati zililetwa, kumbe zilikuwa za uongo! Baruti yenyewe ilizidi kurundikana.

Oktoba 2012 stoo moja ililipuka, na madirisha yakavunjika kilomita kadhaa kutoka hapo. Wakaguzi walikuta baruti imejaa kila mahali, nyingine ikiwa nje kwenye jua na mvua. Watu wa mji jirani wa Doyline walihamishwa. Mwaka 2013 kampuni ilifilisika, ikaacha kama tani 7,000. Mwaka 2018 wakubwa wake kadhaa walikiri makosa kortini, lakini mzigo ulikuwa umeshaangukia serikali, yaani mlipa kodi.

Mwaka 2014 idara ya mazingira ilipanga kuichoma baruti hiyo hadharani. Wenyeji walisema hapana, moshi huo una sumu. Walifanya mikutano, waliuliza wataalamu, walidai njia nyingine. Mwishowe likaletwa tanuri lililofungwa, lenye kuchuja moshi kabla haujatoka. Kazi ilianza 2016 ikamalizika 2017.

Tunajifunza nini?

1. Sharti lisilokaguliwa halimlindi mtu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: daftari bila kufungua ghala nalo hudanganya.

2. Kandarasi iseme mapema nani atasafisha ikiwa kampuni itaanguka.

3. Wanaoishi karibu ndio wanaoumia kwanza, basi wasikizwe kwanza.

Sisi Kenya mambo haya si mageni. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wakenya zaidi ya 200, kutokana na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi lake upande wa Archers Post na Dol Dol. Leo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hivyo kikundi kinaweza kuandika barua na kuomba kuona kandarasi.

Ya kujadiliana kikundini:

– Ni taka gani zinazomwagwa au kuchomwa karibu nasi? Nani alipewa kazi hiyo?
– Je, kuna mtu aliyeona masharti yake?
– Tukiandika barua, nani atatia sahihi, na nani atafuatilia jibu?

Mungu alitupa dunia hii tuitunze. Tuanze na pale tulipo.