Amana ya Binti na Ufunguo wa Bweni

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu baba mmoja aliuliza: je, yamjuzu kumwacha binti yake alale skuli ilhali mabweni yanaungua? Swali hili lataka jawabu.

Agosti 2012, huko Asumbi katika Homa Bay, bweni la wasichana wa skuli ya msingi lilishika moto usiku, wakafa watoto wanane. Wala tusidhani kuwa hayo ni ya bara tu. Machi 1998, Bombolulu ya Kwale (si ile ya Mombasa), walikufa wasichana 26, mlango umefungwa na madirisha yana vyuma. Sisi wazee ndio tupendao kufuli, tukisema ni kwa kuhifadhi heshima ya mabinti. Heshima gani hii imwachayo binti aungue akigonga mlango?

Madina nyumba iliungua usiku na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliamrisha moto uzimwe kabla ya kulala, hakuamrisha watu wahame nyumba zao. Basi amri ni kuondoa sababu ya hatari. Wizara ya Elimu nayo, katika mwongozo wake wa 2008, yataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5, ufunguke kwa nje, usitiwe kufuli wanafunzi wakiwamo; na madirisha yasiwe na vyuma.

Amma kumtoa binti skuli, hilo ni kukimbia dhara kwa kuingia katika dhara jingine. Tazameni Migori, upande wa Kuria: wako wasichana waliokimbia kukeketwa, jambo lililoharimishwa na sheria ya 2011, na skuli ikawa ndiyo kimbilio lao. Kimbilio hilo likiwa si salama, atakaye kumwoza binti mapema amepata hoja. Na sisi tutakao wake zetu watazamwe na daktari mwanamke, huyo daktari atatoka wapi, ikiwa kila mtu amemficha wake nyumbani?

Yule baba nilimwambia asimtoe binti yake, bali aende mwenyewe, aingie bwenini, ausukume mlango kwa mkono wake, kisha aulize ufunguo hulala kwa nani. Akiambiwa uko kwa mlinzi langoni, amwendee mwalimu mkuu siku ile ile, wala asione haya.