Kamba za Bembea Siku ya Idi

Tuseme Idi imeangukia kipupwe, na familia moja ya Mtawanya, wilayani Kibiti, imewafungia watoto bembea mwembeni. Baba, mwenye kilo 70, amezijaribu kamba kwa kuning'inia; zimemhimili. Je, yatosha? La. Mpandaji akiachiwa kutoka nyuzi 60 za mstari wima, kamba hubeba mara mbili ya uzito wake apitapo chini kabisa. Kutoka nyuzi 90, mara tatu. Kwani hapo kamba hazimshikilii tu, bali humgeuza pia afuate duara. (Urefu wa kamba haubadili hesabu hii, ingawa wanafunzi hulikataa jambo hilo mwanzoni.) Hivyo mtoto wa kilo 30 aachiwaye kutoka nyuzi 90 huzielemea kamba kama mzigo wa kilo 90. Darasani, jiwe, uzi na mizani ya springi vyatosha kulionyesha.