SOMO LA HISTORIA: ALAMA YA FUNDI

Darasani tumesoma habari za vyama vya mafundi wa Ulaya. Kule Amsterdam, katika karne ya 17, fundi wa chama alikuwa na kipande cha madini chenye jina lake, pengine na picha ya vyombo vya kazi. Mwenzao akifa, kila mmoja alitoa kipande chake kwenye maziko, ijulikane amefika. Asiyefika alilipa faini. Kile kipande hakikuwa feza ya sokoni. Kilisema: huyu ni wetu, kazi anaijua.

Je, mafundi wa kwetu hawakuwa na alama?

Tuangalie Wasanga, walioitwa walaji wa mukuba. De Hemptinne, mmisionari Mkatoliki, aliandika habari zao mwaka 1926. Kisha mavuno, wakati wa kiangazi, walienda kwenye machimbo. Walikusanya mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala na kupuliza kwa mivukuto. Si kila mtu aliweza. Kazi ilikuwa na wakubwa wake, na siri ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana. Mukuba ulioyeyuka ulimiminwa katika kalibu, ukawa msalaba.

Ile misalaba ilisafiri mbali. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, chini ya mto wetu Lualaba, wachimbuzi wa mambo ya kale waliikuta makaburini pamoja na wafu. Karne zilivyopita ikawa midogo, ya vipimo sawasawa: ikawa feza. Haikuandikwa jina la mtu. Ulaya alama ilitaja fundi. Kwetu kazi yenyewe ndiyo ilimshuhudia.

Mwaka 1906 Union Minière ilianzishwa. Polepole tanuru za wazee zikazimika, na mtu wa mukuba akapewa namba ya kazi. Leo mchimbaji wa mikono wa Kolwezi anadaiwa karata, na sheria ya 2018 inamtaka awe katika koperative. Karata inasema ana ruhusa ya kuchimba. Haisemi anajua nini, wala nani atakuja kumzika udongo ukimwangukia. Vile vyama vya zamani vilijibu yote mawili.

Maswali ya kujadili:
1. Namba ya kazi na alama ya fundi zinatofautiana namna gani?
2. Waulizeni wazee nyumbani: nani aliwafundisha kazi, na nani alishuhudia kwamba wanaijua?