Usinichurie, Mama Watoto

Mume wangu alipopata kiharusi, nilikwama dirishani benki. Ada za watoto zilikuwa kwenye akaunti yenye jina lake peke yake, na binti wa dirishani akanirudishia kitambulisho kwa huruma: "Mama, mwenye akaunti yuko wapi?" Cheti cha ndoa nilikuwa nacho mkobani. Hakikusaidia kitu.

Mungu mkubwa, alipona. Siku niliyomtajia wosia akaruka: "Usinichurie, mama watoto!" Nikamjibu kwamba kile kiharusi hakikusubiri kuchuriwa na mtu.

Tulikwenda kwa wakili hapa Morogoro mjini tukidhani tunataka karatasi moja. Kumbe ni mbili, hati ya uwakilishi na wosia, na hazikutani. Hati ya uwakilishi ni ya mtu aliye hai: unamruhusu mwenzio afanye jambo kwa niaba yako. Siku ukifa, nayo imekufa; na kwa sheria yetu ya mikataba, hata ukipotewa na akili timamu imekwisha. Mume wangu akili zake zilikuwa sawa, ulimi tu ndio mzito, kwa hiyo kama tungekuwa nayo mapema ingenifaa. Kwa mgonjwa asiyejitambua isingenifaa, ndiyo maana akaunti ya ada tuliifanya ya pamoja, yeyote kati yetu atoe.

Kwenye hati tulitaja kazi moja moja: kukusanya kodi ya vyumba vya Kihonda, kufuatilia mambo ya kiwanja. Kuandika "mambo yangu yote" kulinitia hofu, na mimi ndiye niliyekuwa napewa! Kwa kuwa inagusa ardhi, ilipelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Wosia kila mmoja aliandika wake. Ukoo wa mume wangu ni wa Usukumani, na wakili akatusomea kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436: mjane hana fungu kwenye urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Nyumba ambayo matofali yake nilifyatua mimi nikiwa na mimba! Mume wangu akaacha utani, akaomba kalamu.

Kwa kanuni hizohizo, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje, na shahidi asiwe mrithi. Shemeji yangu mkubwa alikuwa tayari kusaini, lakini ndiye aliyeachiwa pikipiki, tukamwita binamu. (Jirani yetu Mwislamu ana utaratibu wake: wosia wake hauvuki theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi mwenye fungu lake bila wenzake kuridhia.) Tukataja pia msimamizi wa wosia, mtu mpole lakini asiyeyumbishwa kwenye kikao cha ukoo. Nakala tukaziweka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, maana wosia uliofichwa chini ya godoro huweza kuokotwa na yule usiyemtaka, na tukawaambia watu wawili ziliko.

Mwezi uliopita tuliuza kile kiwanja kilichotajwa kwenye wosia, kwa hiyo inabidi uandikwe upya. Safari hii aliyenikumbusha ni yeye.